James Parkinson: Tabibu aliyeusoma ugonjwa katika mwendo wa wapita njia

Mwanzoni mwa karne ya 19, tabibu mmoja wa London alimwona kwa mbali mwanamume aliyeshindwa kuanza kutembea peke yake. Msaidizi wa mgonjwa huyo alisimama mbele yake, akamwekea mikono mabegani na kumyumbisha taratibu, mbele na nyuma, mpaka mwili ulipopata mizani. Kisha akampa ishara. Mgonjwa akaondoka kwa mwendo wa mbio asioweza kuuzuia, huku msaidizi akimpisha na kutangulia mbele, tayari kumdaka asije akaanguka.

Tabibu huyo hakupata nafasi ya kumpima mtu yule. Alichokuwa nacho ni macho tu, lakini macho hayo yalitosha kumwonyesha kuwa mwendo ule aliwahi kuuona kwa watu wengine wasiojuana. Jina lake lilikuwa James Parkinson. Mwaka 1817 alichapisha kijitabu kifupi kuhusu ugonjwa huo, na zaidi ya karne mbili baadaye jina lake hutajwa kila siku katika hospitali za dunia nzima.

Hata hivyo, Parkinson aliondoka duniani bila kujua kwamba atakumbukwa kwa ajili ya kijitabu hicho. Wenzake walimjua kwa mambo mengine: siasa, mawe ya kale na utumishi wake kwa maskini wa mtaa aliozaliwa.

Mwana wa Hoxton

James Parkinson alizaliwa tarehe 11 Aprili 1755 katika nyumba namba 1, Hoxton Square, eneo ambalo wakati huo lilikuwa ukingoni mwa jiji la London. Baba yake, John Parkinson, alikuwa tabibu aliyechanganya kazi mbili, kutengeneza dawa na kufanya upasuaji, kama ilivyokuwa desturi ya matabibu wa kawaida wa zama hizo. Mtoto aliifuata njia ya baba. Alijifunza kazi chini yake, na mwaka 1776 alihudhuria mafunzo ya miezi sita katika London Hospital.

Mwaka uliofuata, akiwa kijana wa miaka 22, alitunukiwa nishani ya fedha ya Royal Humane Society, chama kilichohimiza ufufuaji wa watu waliodhaniwa kuwa wamekwisha kufa. Alikuwa ameshiriki kumrudishia pumzi mtu aliyejinyonga. Mwaka 1783 alimwoa Mary Dale katika kanisa la St Leonard la Shoreditch, kanisa lile lile alilobatiziwa, na mwaka 1784 akaidhinishwa rasmi kuwa mpasuaji.

Parkinson hakuridhika na elimu aliyokuwa nayo. Mwaka 1785 alihudhuria mihadhara ya John Hunter, mpasuaji aliyesifika kuliko wote nchini Uingereza katika zama zile. Hunter aliwafundisha wanafunzi wake kutazama kwanza na kutoa nadharia baadaye. Parkinson aliijua hati mkato, hivyo aliweza kuandika karibu kila alichosikia, na maandishi hayo yalikuja kuchapishwa na mwanawe miaka kadhaa baada ya kifo chake. Mtu anayeisoma leo kazi yake ya mwaka 1817 atauona humo mkono wa mwalimu huyo.

Kalamu iliyomfikisha mbele ya baraza

Ufaransa ilipopinduka mwaka 1789, moto wa fikra mpya ulivuka bahari na kuingia Uingereza. Wananchi wengi hawakuwa na haki ya kupiga kura, kodi zilikuwa nzito na mkate ulikuwa ghali. Parkinson, aliyeingia kila siku katika nyumba za wafumaji na vibarua, alijiunga na London Corresponding Society, chama kilichodai kura kwa wanaume wote na bunge la kuchaguliwa kila mwaka. Alitunga vijitabu vya siasa kwa jina la kubuni, Old Hubert. Kimojawapo kiliuzwa ili kuwasaidia wake na watoto wa watu waliofungwa kwa tuhuma za uhaini.

Mwaka 1794 serikali ilitangaza kugundua njama ya kumuua Mfalme George III kwa mshale wenye sumu, ambao ungefyatuliwa kutoka katika bunduki ya hewa. Njama hiyo ilipewa jina la dhihaka lililotokana na bunduki za kuchezea za watoto. Miongoni mwa watuhumiwa walikuwamo watu wa chama cha Parkinson, naye akaitwa kuhojiwa kwa kiapo mbele ya Baraza la Faragha la Mfalme, lililomjumuisha Waziri Mkuu William Pitt. Parkinson alikataa kujibu mpaka alipohakikishiwa kwamba hatalazimishwa kujitia hatiani. Baada ya hapo alikiri mbele ya baraza kwamba Old Hubert ni yeye mwenyewe.

Kukiri huko kungeweza kumgharimu uhuru wake. Kesi za watuhumiwa hatimaye zilianguka, na Parkinson akarejea Hoxton kuendelea na kazi. Siasa za majukwaani aliziacha polepole, ila hakuwaacha watu aliokuwa akiwatetea. Aliandika vitabu vya afya kwa familia za kawaida na kwa watu wa vijijini, akawaonya watoto juu ya michezo ya hatari, akabuni namna rahisi ya kutengeneza mikanda ya ngiri kwa vibarua wasioweza kununua ya dukani. Mwaka 1811 aliandika kuhusu nyumba za kutunzia wagonjwa wa akili, ambazo zilikuwa nyingi Hoxton, akipendekeza utaratibu bora wa kuwalinda waliofungiwa humo. Mwaka 1812, pamoja na mwanawe John, alieleza kifo cha mtoto ambaye kidole tumbo chake kilitoboka. Maelezo hayo ni miongoni mwa ya mwanzo kabisa kuhusu maradhi hayo katika lugha ya Kiingereza.

Mapenzi ya mawe

Pamoja na shughuli zote hizo, Parkinson alikusanya visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Kati ya mwaka 1804 na 1811 alitoa majuzuu matatu makubwa kuhusu viumbe hao, yenye picha nyingi. Tarehe 13 Novemba 1807 alikuwa mmoja wa watu 13 walioanzisha Jumuiya ya Jiolojia ya London. Wataalamu wa fani hiyo walimheshimu hata wakawapa baadhi ya viumbe wa kale jina lake.

Mapenzi haya ya mawe hayakuwa mbali na uganga wake kama yanavyoweza kudhaniwa. Mtu anayekusanya visukuku hulazimika kuvipanga: hiki kinafanana na kile kwa mistari yake, kinatofautiana na kingine kwa umbo lake. Huokota kipande hapa na kipande pale, akakisia kiumbe kizima. Hivyo ndivyo Parkinson alivyoukusanya ugonjwa wa kutetemeka.

Wagonjwa sita

Kijitabu cha mwaka 1817 kilikuwa na kurasa 66 na kiliitwa Insha kuhusu Kupooza kwa Kutetemeka. Parkinson alikuwa na umri wa miaka 62. Insha ilitegemea watu sita tu, na nusu yao hawakuwa wagonjwa wake.

Wa kwanza alikuwa mtunza bustani aliyepita miaka 50, mtu wa kiasi asiye na ulevi. Mkono wake wa kushoto ulianza kutetemeka kidogo, naye akadhani ni uchovu wa kazi nzito aliyoifanya kwa siku kadhaa. Wa pili, mwenye miaka 62, Parkinson alikutana naye mtaani. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mhudumu katika ofisi ya hakimu. Mwili wake uliinama na kutikisika, maneno hayakutoka vizuri, na alitembea kwa ncha za nyayo akiegemea fimbo. Wa tatu, naye wa mtaani, alikuwa baharia wa zamani wa takriban miaka 65, mwenye mwili wa mtu aliyekuwa na nguvu. Kutembea kawaida kulimshinda, alikimbia tu, na kila baada ya hatua tano au sita aliichomeka fimbo yake kwa nguvu ardhini ili ausukume mwili urudi wima. Yeye mwenyewe aliamini kwamba ugonjwa ulitokana na miezi aliyolala juu ya ardhi yenye unyevu katika gereza la Uhispania.

Mmoja kati ya waliosalia ni yule aliyeonekana kwa mbali, akiyumbishwa na msaidizi wake.

Kabla ya Parkinson, matabibu walikuwa wameandika kuhusu kutetemeka, na wengine wameandika kuhusu watu wanaolazimika kukimbia wanapotaka kutembea. Mambo hayo yalitazamwa kama maradhi mawili tofauti. Parkinson aliyaunganisha. Alieleza kwamba mkono hutetemeka ukiwa umetulia, hata ukiwa umeegemezwa. Kwamba mwili huinama mbele na hatua hugeuka mbio. Kwamba ugonjwa huanza kwa siri upande mmoja, kisha ukahamia mwingine, mwaka baada ya mwaka. Alitaja mwandiko unaoharibika, kijiko kisichofika mdomoni, choo kigumu, usingizi unaokatizwa, mate yanayotoka na kidevu kinachozama kifuani.

Alikosea pia. Alidhani chanzo kiko katika sehemu ya juu ya uti wa mgongo, shingoni, kwa hiyo akapendekeza damu itolewe hapo na ngozi itiwe malengelenge. Aliamini kwamba akili ya mgonjwa haiguswi kabisa, jambo ambalo si kweli kwa wote. Ukakamavu wa misuli hakuutaja. Lakini aliweka wazi kwamba hakuwa amepasua maiti hata moja ya mgonjwa wa aina hiyo, akaomba radhi kwa kutoa dhana ambazo hazijathibitishwa, na akaeleza sababu ya kutosubiri: watu walikuwa wakiteseka, na alitaka wenye ujuzi wa kuchunguza miili waichukue kazi hiyo na kuiendeleza.

Jina lililotoka Paris

Mwaka 1823 Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji kilimpa Parkinson nishani yake ya dhahabu ya heshima. Mwezi Desemba mwaka uliofuata alipata kiharusi kilichompokonya usemi, na tarehe 21 Desemba 1824 akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 69. Alizikwa katika uwanja wa kanisa la St Leonard, alikobatiziwa na kufungia ndoa.

Kijitabu chake kililala kwa miongo kadhaa. Aliyekiinua ni Mfaransa Jean-Martin Charcot, bingwa wa mishipa ya fahamu katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, ambamo maelfu ya wanawake maskini na wazee walikuwa wakitunzwa. Katika miaka ya 1860 na 1870 Charcot aliwatazama wagonjwa wake kwa muda mrefu kuliko ilivyowezekana kwa tabibu wa Hoxton. Aliona kwamba si wote wanaotetemeka. Aliona kwamba hawajapooza, bali misuli yao ni mikakamavu na mwendo wao ni mzito. Ndiyo maana alilikataa neno kupooza na kupendekeza ugonjwa uitwe kwa jina la Parkinson.

Mambo mengine yalifuata mmoja mmoja. Mwaka 1919, Konstantin Tretiakoff alionyesha mjini Paris kwamba wagonjwa hao hupoteza chembe za sehemu nyeusi iliyomo ndani ya shina la ubongo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Arvid Carlsson wa Uswidi alibaini kazi ya dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kupeleka amri za mwendo. Mwaka 1960 iligundulika mjini Vienna kwamba dopamini imepungua mno katika ubongo wa wagonjwa, na mwaka 1961 walianza kupewa dawa ya levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Watu waliokuwa wameganda kitandani waliinuka. Hata hivyo, chembe zinazokufa hazirudi, na mpaka leo hakuna dawa inayoponya ugonjwa wenyewe.

Mikono mabegani

Kwa kuwa dawa haimalizi kila kitu, sehemu kubwa ya matunzo imebaki mikononi mwa wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Namna yao ya kumtambua mgonjwa ingemfurahisha Parkinson, kwani kazi huanzia mlangoni, kabla mgonjwa hajaketi.

Mtaalamu hutazama kama mikono yote miwili inapepea sawasawa wakati wa kutembea, au mmoja umeng'ang'ania ubavuni. Hutazama urefu wa hatua, namna mtu anavyogeuka, na kama nyayo huganda sakafuni anapofika mlangoni au mahali pembamba. Humwomba ainuke kitini, atembee mita tatu, ageuke, arudi na kuketi, naye huhesabu sekunde. Kisha husimama nyuma yake, akamshika mabega na kumvuta ghafla, akiwa tayari kumdaka, ili ahesabu hatua ngapi zinahitajika kabla mwili haujapata mizani.

Macho hayo hayo hutenganisha magonjwa. Mkono unaotetemeka unapotulia ni dalili tofauti na mkono unaotetemeka unaponyanyua kikombe. Mtu anayeanguka mara kwa mara tangu mwanzo wa ugonjwa, hasa kinyumenyume, na kushindwa kutazama chini, huenda ana ugonjwa mwingine wa ubongo unaofanana na Parkinson. Anayerusharusha viungo kama anayecheza ngoma asiyoitaka, na ambaye baba au mama yake alikuwa hivyo, huenda ana ugonjwa alioueleza George Huntington wa Marekani mwaka 1872. Aliyeanza kukakamaa baada ya kupewa dawa za maradhi ya akili huenda anadhurika na dawa hizo. Mtaalamu wa viungo akiona hayo humrudisha mgonjwa kwa daktari, na rufaa hiyo yenyewe ni sehemu ya tiba.

Baada ya kutambua huja kazi ya kufundisha mwili njia nyingine. Ubongo wa mtu mwenye afya huendesha hatua zake bila yeye kuzifikiria. Katika ugonjwa wa Parkinson, uendeshaji huo wa ndani hudhoofika, lakini ishara inayotoka nje inaweza kuziba pengo. Mistari iliyochorwa sakafuni, mapigo ya kifaa kinachogonga sawasawa kama saa ya ukutani, wimbo, au sauti ya kuhesabu moja, mbili, huweza kuirefusha hatua iliyokuwa imefupika. Mgonjwa hufundishwa kutembea kwa hatua kubwa kwa makusudi, kugeuka kwa kuzunguka duara pana badala ya kujisokota mahali pamoja, na kutofanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Anayezungumza huku akibeba ndoo huku akitembea yumo hatarini. Mazoezi ya nguvu na mizani hufanywa wakati dawa imeshika kazi, na dawa yenyewe haiachwi ghafla bila ushauri wa daktari.

Nyayo zinapoganda, kumvuta mgonjwa mkono kunaweza kumwangusha. Anapaswa kusimama, kunyoosha mgongo, kuhamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kisha kupiga hatua moja kubwa. Kuyumba huko ili kuanza safari ndiko Parkinson alikokuona kwa mbali. Msaidizi yule asiyejulikana jina, ambaye hakuwa tabibu, alikuwa ameligundua jambo hilo kwa kuishi na mgonjwa.

Ugonjwa wenye jina lile lile Kilimanjaro

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba mwaka 2019 zaidi ya watu milioni 8.5 walikuwa wakiishi na ugonjwa wa Parkinson duniani. Katika nchi zenye kipato cha chini wengi hawapati levodopa, ingawa imo katika orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo. Wengine hawafiki hata kwenye hatua ya kuambiwa wanaugua nini.

Hali hiyo ilidhihirika kaskazini mwa Tanzania. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye wakazi zaidi ya 161,000. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kutambuliwa. Walikuwa wakiishi na ugonjwa kama alivyoishi yule mtunza bustani, wakidhani ni uchovu au uzee. Wenyeji walipoulizwa wanauitaje, walisema ni ugonjwa wa kutetemeka, karibu neno kwa neno jina alilochagua Parkinson.

Katika eneo hilo hilo lilifanyika jaribio la tiba ya viungo kwa wagonjwa ambao hawajawahi kutumia dawa. Kwa muda wa wiki tatu walifundishwa kutembea kwa kufuata mapigo ya kifaa na kukaza fikra kwenye hatua kubwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa mwendo wao uliongezeka kasi na hatua zao zikarefuka, hata walipotakiwa kufanya jambo jingine huku wakitembea. Hakuna aliyepona. Ila walitembea vizuri zaidi, na kwa mtu anayetaka kufika kisimani, sokoni au mahali pa ibada bila kuanguka, hilo si jambo dogo.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mkono usiopepea, mwandiko unaozidi kuwa mdogo, sauti inayofifia, hatua zinazoburura, uso usioonyesha furaha wala hasira, hayo ndiyo mawingu ya ugonjwa huu. Familia ikiyatambua mapema, mzee hupelekwa kwa daktari na kwa mtaalamu wa viungo kabla nyonga haijavunjika. Ikiyakosa, mzee huambiwa ni mvivu au ni mlevi, au hutafutwa wa kulaumiwa kwa kumroga.

Mtu asiye na picha

Tarehe 11 Aprili, siku aliyozaliwa Parkinson, huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Parkinson Duniani, na ua la tulipu jekundu ndilo alama yake. Mkulima wa maua wa Uholanzi alikuwa ameipa aina moja ya tulipu nyekundu na nyeupe jina la tabibu huyo.

Lakini uso wake haujulikani. Hakuna mchoro wake uliothibitishwa, na picha za kamera zinazosambazwa mitandaoni kwa jina lake haziwezi kuwa zake, kwa kuwa alifariki miaka 15 kabla ya upigaji picha kutangazwa kwa umma. Kaburi lake pia halijulikani mahali lilipo, ingawa ndani ya kanisa la St Leonard limewekwa bamba la kumbukumbu.

Mtu huyo aliyewatazama wenzake kwa makini ametoweka machoni mwa walimwengu. Kilichobaki ni wale sita aliowaandika: mtunza bustani na mkono wake wa kushoto, mhudumu wa ofisi ya hakimu akitembea kwa ncha za nyayo, baharia na fimbo yake, na yule wa mbali, akisubiri mikono mabegani imyumbishe ili aweze kuianza safari.